Uundaji na Upimaji wa Programu za Kompyuta za Kuendeshea Mashindano ya Karata: Suala la Nasibu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi programu za kompyuta zinazoendesha mashindano ya karata zinavyoundwa na, hasa, zinavyopimwa. Mfano mkuu ni briji, mchezo wa watu wanne, wawili dhidi ya wawili, ambao shirikisho lake la dunia liliundwa mwaka 1958. Programu ya namna hii ina kazi tatu: kuchanga na kugawa karata, kupanga nani akutane na nani, na kukokotoa alama. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kazi hizi hazipimiki kwa njia moja. Kosa la alama hujitokeza lenyewe katika hesabu. Kosa la upangaji huonekana ukumbini, tena kwa fedheha. Kosa la kuchanga karata halionekani kwa macho, nalo ndilo linaloweza kuwadhulumu wachezaji mashindano mazima pasipo yeyote kushuku.

Kwa upande wa istilahi, Kiswahili hakianzi mikono mitupu. Maneno karata, turufu, shupaza, kopa, uru na pau yalitoka kwa Wareno, na watu wa Pwani wameyatumia kwa karne kadhaa bila kuhitaji kamati ya kuyasanifu. Pengo lipo upande wa kompyuta. Katika makala haya neno nasibu linatumika kwa jambo lisilotabirika, kama watafiti walivyozoea kusema sampuli nasibu. Neno bahati limeachwa kwa makusudi: bahati huwa ya mtu fulani, ilhali nasibu haimjui mtu. Namba ya mbegu nayo ni ile namba ambayo kompyuta huanzia ili kuzalisha mfuatano wa namba zinazoonekana kuwa za nasibu. Mbegu ikiwa ileile, mfuatano nao huwa uleule.

2.0 Alama na Upangaji

Katika mashindano ya briji ya jozi, karata zilizokwisha kugawiwa huwekwa katika kibao chenye mifuko minne, na kibao hicho huhamishwa kutoka meza moja hadi nyingine. Kwa hiyo jozi nyingi hucheza karata zilezile, na kila jozi hulinganishwa na zile tu zilizokalia upande wake. Kwa desturi ya Ulaya, jozi hupata alama 2 kwa kila jozi iliyoishinda na 1 kwa kila iliyotoka nayo sare. Marekani hutumia 1 na nusu. Hapa mpimaji ana kipimo kisichodanganya. Kibao kikichezwa katika meza 8, jumla ya alama za upande mmoja kwa mizani ya Ulaya lazima iwe 8 mara 7, yaani 56, matokeo yawe yoyote yale. Jumla ikiwa 55, programu ina kosa.

Upangaji ni mgumu zaidi. Utaratibu unaotumika sana katika michezo mingi ya karata ni ule wa Kiswisi, uliojaribiwa kwanza katika mashindano ya sataranji mjini Zürich mwaka 1895: wenye alama zinazolingana au kukaribiana hukutanishwa, na hakuna wawili wanaokutana mara mbili. Mwanafunzi anayeandika programu yake ya kwanza huanzia juu ya orodha na kuteremka, akimpa kila mmoja mpinzani wa kwanza anayefaa. Njia hiyo hufanya kazi mpaka siku inapokwama. Tuseme wamebaki wanne, A, B, C na D, na C na D wamekwisha kukutana. Programu ikimpa A mpinzani B, wanaobaki hawawezi kucheza, ingawa A na C pamoja na B na D wangetosheka bila tatizo. Hisabati ya kuepuka mkwamo wa aina hiyo ilikwishatolewa na Jack Edmonds mwaka 1965. Hata hivyo, majaribio ya raundi mbili au tatu hayawezi kuufichua, kwa kuwa hutokea raundi za mwisho, pale wapinzani wanapokuwa wameadimika na ukumbi mzima unasubiri orodha.

3.0 Kuchanga Karata

Mchezaji hodari wa briji huamua kwa kukadiria. Karata nne za aina moja zikiwa mikononi mwa wapinzani wake wawili, anajua kwamba zimegawanyika mbili kwa mbili kwa uwezekano wa karibu asilimia 40.7, na tatu kwa moja kwa karibu asilimia 49.7. Ujuzi huu ameupata kwa kusoma na kucheza miaka mingi. Kama programu haichangi sawasawa, ujuzi huo unageuka kuwa mtego: anayekadiria vizuri anashindwa na anayebuni. Kulinganisha jozi zilizoshika karata zilezile hakuondoi dhuluma hii.

Inafaa kukumbuka kwamba mikono ya binadamu haikuwa mizani bora. Mwaka 1992 Dave Bayer na Persi Diaconis walithibitisha kwamba karata 52 zinahitaji kuingizwa nusu kwa nusu takriban mara saba ndipo zichanganyike vya kutosha. Wachezaji wengi huridhika na mara tatu au nne. Katika mchezo wa nyumbani karata hukusanywa nnenne, mara nyingi zikiwa za aina moja. Zisipochangwa vizuri na kisha kugawiwa mojamoja, kila mtu hupata sehemu yake ya kila aina. Basi vilabu vilipoanza kutumia migao ya kompyuta, wachezaji walilalamika kwamba mashine inatoa karata za ajabu, kopa saba kwa mmoja na pau sifuri kwa mwingine. Kilichokuwa cha ajabu ni kule kusawazika kwa zamani. Lalamiko hilo ni funzo kwa mpimaji: hisia ya mchezaji, hata mzoefu, si kipimo cha nasibu.

Kosa la kawaida katika kuandika programu ya kuchanga ni hili. Mwandishi huipitia kila karata kati ya 52 na kuibadilisha nafasi na karata nyingine yoyote iliyochaguliwa kwa nasibu kutoka zote 52. Maelezo haya yanasikika kuwa ya haki kabisa. Lakini yajaribiwe kwa karata tatu tu. Njia ambazo programu inaweza kupitia ni 3 mara 3 mara 3, yaani 27. Mipangilio ya karata tatu ni 6. Na 27 haigawanyiki kwa 6. Ukizihesabu njia zote, mipangilio mitatu inafikiwa kwa njia 5 kila mmoja, na mitatu mingine kwa njia 4. Utaratibu sahihi, ambao msingi wake ni wa Fisher na Yates (1938) na ambao Richard Durstenfeld aliuandikia kompyuta mwaka 1964, hubadilisha karata na mojawapo ya zile tu ambazo hazijapangwa bado. Njia zake kwa karata tatu ni 3 mara 2 mara 1, yaani 6, na kila mpangilio unapata moja.

Tofauti ya programu hizi mbili katika maandishi ni ya alama chache tu. Anayetazama karata 52 zilizotoka hawezi kujua ni ipi iliyozichanga. Ndiyo maana programu haina budi kuandikwa ikubali idadi yoyote ya karata, ili mpimaji aijaribu kwa tatu au nne, ambako kila njia inahesabika.

4.0 Namba ya Mbegu

Hata programu inayochanga kwa utaratibu sahihi inaweza kuwa mbovu. Migao inayowezekana katika briji ni 53,644,737,765,488,792,839,237,440,000. Kompyuta inayoanza na mbegu ya biti 32 ina mbegu 4,294,967,296 tu, kwa hiyo haiwezi kutoa migao ya kuanzia zaidi ya hiyo. Kwa kila mgao mmoja unaoweza kutokea, kuna zaidi ya bilioni bilioni 12 isiyotokea kamwe. Vipimo vya kitakwimu havitagundua upungufu huu, kwa sababu sampuli ya bilioni 4 inatosha kabisa kuiga uwiano wa migao yote.

Athari yake, hata hivyo, ni kubwa. Karata 13 za mkononi mwa mchezaji zinaweza kuwa za namna 635,013,559,600. Idadi hiyo inazidi idadi ya mbegu zaidi ya mara 140. Kwa hiyo mtu anayeijua programu, akishazitazama karata zake mwenyewe, mara nyingi atabakiwa na mbegu moja tu inayoweza kuzizaa, na mbegu hiyo itamwambia zile 39 alizonazo kila mwingine. Jambo hili si la kinadharia. Mwaka 1999 watafiti wa usalama wa kompyuta nchini Marekani waliichambua programu ya mchezo wa poka wa intaneti, ambayo wenyewe walikuwa wameitangaza hadharani namna inavyochanga ili kuthibitisha uaminifu wake. Mbegu yake ilitokana na idadi ya milisekunde tangu usiku wa manane, ambazo kwa siku ni 86,400,000 tu. Watafiti waliilinganisha saa yao na ya mtambo, mbegu zikapungua hadi karibu 200,000. Karata tano zilipojulikana, wakazijua zote zilizobaki mchezo ukiwa bado unaendelea. Aliyewahi kutazama mchezo wa karata tatu kandokando ya stendi ya basi ataelewa: karata zinachezeshwa mbele ya macho ya wote, na bado anayejua ziliko ni mmoja.

Tiba ni mbegu kubwa. Biti 96 zinazidi kidogo idadi ya migao yote. Big Deal, programu ya Mholanzi Hans van Staveren inayotumika katika mashindano ya kimataifa, hutumia mbegu ya biti 160 na hupata sehemu ya nasibu yake kwa kupima nyakati ambazo mtumiaji anabonyeza vitufe. Vidole vya mtu havina ratiba inayoweza kukisiwa.

Lakini hapa maslahi ya mpimaji na ya mashindano yanagongana. Mpimaji anataka mbegu isiyobadilika, ili kosa lililotokea jana alizalishe tena leo na kulitafuta chanzo chake. Mashindano yanataka mbegu isiyojulikana na yeyote, hata na mwandishi wa programu. Waandishi wengi hulitatua hili kwa kuacha mlango mdogo wa kuingizia mbegu wakati wa majaribio, na mlango huo husahauliwa wazi programu inapopelekwa ukumbini. Mgao hutoka, unaonekana wa nasibu, na hakuna anayelalamika. Kesho, katika mji mwingine, migao ileile inatoka tena. Kwa sababu hiyo jaribio la mwisho linapaswa kufanywa kwenye nakala ileile itakayotumika ukumbini, wala si ile iliyo mezani kwa mwandishi: iwashwe, itoe migao, izimwe, iwashwe upya, kisha migao ya mara ya pili ilinganishwe na ya kwanza. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Baada ya mchezo, orodha ya migao yote huchapishwa na kugawiwa kwa wachezaji, nao huondoka nayo na kubishana juu yake njia nzima.