Je, Wajua? Waya wa mita 20 huvusha sauti kutoka Meru hadi Embu

Je, wajua kuwa mwenye redio ya ridhaa mjini Meru anaweza kuzungumza na mwenzake wa Embu bila mnara wala intaneti? Kati yao kuna matuta na mabonde ya mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, na mawimbi ya redio za mkononi, yanayokwenda moja kwa moja, mara nyingi hukwama humo. Dawa ni masafa ya megahezi 7. Waya wa karibu mita 20, ukitundikwa chini chini kati ya miti miwili, hurusha mawimbi juu angani. Hasa mchana, tabaka la ionosfia huyarudisha ardhini, ng'ambo ya vilima.

Kituo chenyewe huanzia kwenye umeme. Redio nyingi za wati 100 hutumia volti 13.8 na hufyonza takriban ampea 20 zinapotuma, hivyo betri ya gari huzitosha stima ikipotea. Kutoka redioni hutoka kebo ya omu 50. Hapa ndipo pa kuangaliwa zaidi: antena isipolingana na kebo, sehemu ya nguvu hurudi nyuma na yaweza kuichoma redio. Kwa hiyo katikati huwekwa mita ya kupima nguvu inayorudi, pamoja na kifaa cha kulinganisha antena. Ngurumo zikikaribia, chomoa kebo mapema.

Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na kitambulisho cha kituo kwa kawaida huanza na 5Z4.