Likizo ya Visiwani: Tuipange Pamoja na Watoto



Kila likizo inapokaribia, wazazi hunisubiri mlangoni baada ya kipindi na swali moja: "Mwalimu, tunataka kuwapeleka watoto Zanzibar. Tuanzie wapi?" Wanaojua kwamba mimi ni muuguzi huniuliza dawa za malaria. Wanaojua kwamba kwetu ni Pemba huniuliza habari za boti. Nimeona bora niyaandike yote mahali pamoja, myasome nyumbani pamoja na watoto.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Safari ya kwanza niliyowapeleka wanangu, niliipanga kama tunavyozoea wengi hapa Sandton: hoteli ya ufukweni, siku saba, kaskazini ya Unguja. Siku ya nane tukapanda ndege ndogo hadi Pemba, tukalala usiku mmoja kwa bibi yao, Wete. Mama alipika tangu alfajiri. Watoto wakakaa kwenye mkeka kama wageni rasmi, wanajibu "ndiyo" na "hapana" tu. Tulipokuwa tunaaga, mama akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mmekuja kwangu au mmekuja baharini?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku ile nina kanuni moja: panga kwanza siku za watu, halafu siku za bahari. Mengine yote yanafuata hapo.

Visiwa gani?

Watoto, tuelewane kwanza. Zanzibar si kisiwa kimoja. Ni visiwa vingi, vikubwa vikiwa viwili: Unguja na Pemba. Mji wa Zanzibar, wenye Mji Mkongwe ndani yake, uko Unguja. Kisiwa cha Mafia kiko kusini zaidi, nacho ni sehemu ya Mkoa wa Pwani, Tanzania Bara. Lamu, Manda na Pate viko Kenya.

Usijaribu kuvimaliza vyote kwa likizo moja. Kwa siku kumi, visiwa viwili vinatosha. Unguja utaona Mji Mkongwe, ambao uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na msitu wa Jozani wenye kima punju, ambao asili yao ni Zanzibar peke yake. Msiwaahidi watoto kuingia Beit al Ajaib, maana sehemu ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Watu wazima na watoto wakubwa wafike pia Mkunazini, kwenye Kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873. Ni ziara nzito, lakini mtoto wa miaka kumi na mbili anaweza kuibeba akiwa na mzazi wa kumweleza.

Pemba ni kimya zaidi. Ni kisiwa cha vilima na mikarafuu, na msimu wa karafuu ukikukuta huko utaziona zimeanikwa juani kwenye mikeka kando ya njia. Katika msitu wa Ngezi wapo popo wakubwa wa Pemba, wasiopatikana kisiwa kingine.

Lini?

Weka kalenda ya shule mezani, kisha uisome pamoja na pepo za Bahari ya Hindi.

Likizo ya Desemba na Januari huangukia kaskazi: joto kali, maembe tele, na tiketi za bei ya juu. Ile ya Juni na Julai ni wakati wa kusi: hewa ya kupendeza, mvua chache, lakini bahari huchafuka. Likizo ya Machi au Aprili hukutana na masika, mvua kubwa, na hoteli nyingine hufunga kabisa. Ile fupi ya mwisho wa Septemba ni nzuri, kwa sababu vuli huwa bado haijashika.

Angalia pia Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kama kumi na moja. Ukienda mwezi huo, usile wala kunywa hadharani mchana, hata kama hufungi. Lakini futari ya nyumbani kwa watu ni darasa zuri kuliko yangu.

Jambo jingine ni maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana. Katikati yake huwa maji mafu. Pwani ya mashariki, kama Paje na Jambiani, maji yakipwa hukimbia mbali sana, na utawaona akina mama wakishughulikia mwani wao. Anayetaka kuogelea karibu saa zote aende Nungwi au Kendwa. Kabla ya kulipia chumba, muulize mwenye nyumba kwa Kiswahili: "Maji yakipwa, watoto wanaogelea wapi?"

Karatasi

Mwenye pasipoti ya Afrika Kusini hahitaji viza ya Tanzania kwa matembezi yasiyozidi siku 90. Pasipoti iwe na angalau miezi sita kabla ya kwisha. Wenye pasipoti nyingine waulize ubalozi mapema. Na ninyi mnaoishi hapa kwa kibali, hakikisheni kibali hakiishi mkiwa safarini. Kutoka ni rahisi. Kurudi ndiko kwenye kazi.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, beba cheti kamili cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili. Mzazi akisafiri peke yake na mtoto, abebe na barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake iliyoapiwa. Mambo haya msiyaache hadi wiki ya mwisho.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, wageni wa nje wanaoingia Zanzibar hutakiwa kununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar. Ilianza kwa dola 44 kwa mtu mzima, na watoto hulipa pungufu. Hununuliwa kwenye intaneti kabla ya safari, hivyo angalia bei ya siku hiyo. Mtoto mwenye pasipoti ya kigeni ni mgeni kwa sheria hii, hata kama bibi yake hajawahi kutoka Wete.

Chombo na saa

Kutoka Sandton hadi uwanja wa O. R. Tambo, treni ya Gautrain huchukua kama robo saa. Zipo ndege za moja kwa moja hadi Unguja, na zipo za kupitia Dar es Salaam au Nairobi. Ukishuka Dar, boti ya kwenda Unguja huchukua kama saa mbili. Boti za Pemba zina siku zake. Ziulizie kabla hujakata tiketi ya ndege, usije ukakwama Unguja siku ambayo bibi amepika.

Sisi wa Pemba hatujasahau Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama usiku karibu na Nungwi ikiwa imejaza watu kupita kiasi, wala Julai 2012, ilipozama Skagit ikitoka Dar. Kwa hiyo nawaomba: mkiona chombo kimejaa kupita kiasi, au bahari imechafuka, msione haya kushuka. Tiketi inarudi. Mtoto harudi.

Sasa watoto, swali la hesabu. Tiketi imeandikwa 07:00. Bibi anasema kwenye simu, "Boti inaondoka saa moja." Nani amekosea? Hakuna. Kiswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, kwa hiyo 07:00 ni saa moja asubuhi. Na saa ya Tanzania iko mbele ya Johannesburg kwa saa nzima. Familia moja ya shule yetu ilisikia "saa nne" ikafikiria alasiri. Boti ilikuwa imeshaondoka tangu asubuhi.

Afya: hapa nawaomba msikilize

Johannesburg hakuna malaria. Mtoto aliyezaliwa hapa hana kinga yoyote nayo. Hata wewe mzazi uliyekulia nyumbani ukiugua kila mwaka, kinga yako imepungua baada ya miaka ya kukaa huku. Usiseme, "Mimi nimezoea."

Zanzibar imepunguza sana malaria, lakini haijaisha, na Bara, Dar na Tanga zikiwemo, ni nyingi zaidi. Nendeni kliniki ya wasafiri wiki nne hadi sita kabla ya safari. Dawa ya kuzuia malaria hupimwa kwa uzito wa mtoto, na nyingine haifai kwa walio chini ya miaka minane, kwa hiyo usiazime dozi ya jirani. Nyingine humezwa siku saba baada ya kurudi, nyingine wiki nne. Maliza zote. Huko, chandarua kila usiku, dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, na mikono mirefu jioni.

Ukipitia Nairobi na kusubiri zaidi ya saa 12, utatakiwa kuonyesha kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi huanza kutumika siku kumi baada ya kuchanjwa.

Sasa sehemu ambayo wazazi husahau. Mwaka mmoja tulirudi mwezi wa Julai, wakati mafua yamejaa Johannesburg. Siku ya kumi na moja mwanangu akapata homa, kichwa, na uchovu. Mimi, muuguzi, nikampa panadoli kwa siku mbili nikisema ni mafua. Siku ya tatu akaanza kutapika. Kipimo cha damu kikaonyesha malaria. Alipona, Alhamdulillah, lakini zile siku mbili bado zinaniuma.

Basi kumbuka: homa yoyote kuanzia wiki moja baada ya kufika huko, hadi miezi mitatu baada ya kurudi, ni malaria mpaka kipimo kiseme hapana. Nenda siku hiyohiyo. Neno la kwanza kwa daktari liwe, "Tumetoka Tanzania, naomba mpime malaria." Usingoje aulize, maana hapa homa ya Julai humfanya kila mtu afikirie mafua. Kipimo cha kwanza kikikosa kitu na homa ikaendelea, omba kirudiwe.

Siku za watu

Safari yetu ya pili tulikaa Wete siku sita, ufukweni siku tatu. Kila mtoto alikuwa na kazi yake. Mkubwa alipewa pesa na orodha: nazi mbili, ndimu, kitunguu. Siku ya kwanza alirudi na tikiti maji. Siku ya nne alikuwa anapunguziwa bei. Mdogo alikaa na bibi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, na maswali yakaanza yenyewe: "Bibi, hii inaitwaje? Na wewe ulifundishwa na nani?"

Kama huna ndugu Zanzibar, na wengi wetu hapa tumetoka Kongo, Kenya au Bara, bado inawezekana. Panga nyumba mtaani badala ya hoteli yenye geti. Nunua chakula Darajani. Mwombe mwenye nyumba amfundishe mtoto kupika chapati. Watu wa visiwani wakisikia mtoto anabisha hodi na kutoa shikamoo, milango hufunguka.

Na usimtafsirie. Mtoto akikwama, hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Mara nyingi atalipata neno kabla hujafika saba.

Kazi ya nyumbani

Watoto, hata kama hamsafiri mwaka huu, fanyeni hivi kabla ya Jumamosi. Mpigie simu bibi, babu, shangazi au mjomba, popote alipo. Mama au baba asikushikie simu. Muulize mambo matatu: Umeamkaje? Ulipokuwa mdogo, likizo ulikwenda wapi? Nikija, utanifundisha nini? Andika majibu kwenye daftari, utatusomea darasani. Na maneno haya matano uje unayajua: kupwa, kujaa, bamvua, kusi, kaskazi.

Sisi tunakwenda tena Desemba. Safari hii aliyepiga simu kumpa bibi habari ni mwanangu mdogo. Mama alimwuliza swali lilelile aliloniuliza mimi. Akajibu, "Tunakuja kwako, bibi. Baharini tutakwenda na wewe."

Tukutane Jumamosi, inshallah.