Lenga-lenga, sumu ya panya na enzimu moja ya ini: kosa langu mimi mutu wa agronomia

Mimi nilisoma agronomia, siko munganga. Lakini mwaka jana nilimukataza mama yangu mukubwa kula lenga-lenga, na ile shauri ilikaribia kumuumiza vibaya. Njo maana ninaandika leo.

Alikuwa amevimba muguu moja. Ku hospitali walikuta damu imeganda ndani ya mushipa, wakamupa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Mimi nikasoma haraka-haraka ku telefone kwamba majani ya kijani inapunguza nguvu ya ile dawa. Nikamwambia: "Mama, acha majani yote." Akanisikia, juu mimi niko na licence. Kisha wiki mbili akaniita: "Mwana wangu, nikisugua meno damu inatoka, na nikijigonga kidogo tu ngozi inakuwa nyeusi."

Nilikosea wapi? Jibu iko ndani ya enzimu moja, ao kimeng'enya kama vitabu vya Tanzania vinavyosema. Jina lake kwa kifupi ni VKOR.

Tuchukue mufano wa shamba. Ini letu linatengeneza protini za kugandisha damu. Nne kati yao, zile za namba II, VII, IX na X, haziwezi kazi mupaka vitamini K izitayarishe ili zishike kalisiamu. Vitamini K ni kama jembe: likilima mara moja, linakuwa butu. VKOR njo fundi mwenye kulinoa, linarudi shambani. Mwili hauna akiba kubwa ya majembe, kwa hiyo kila moja linanolewa mara nyingi sana. Warfarini haiharibu jembe. Inafunga mikono ya fundi. Majembe butu yanajaa, protini zinatoka ku ini bila kukamilika, na damu inachelewa kuganda.

Na majani? Lenga-lenga, sombe, matembele, shu: yote inaleta vitamini K, ni kusema majembe mapya. Munganga alipima damu ya mama na kupanga kipimo cha dawa wakati alikuwa anakula majani yake ya kila siku. Mimi nikakata majembe mapya ghafla, na fundi tayari amefungwa mikono. Dawa ile ile ikawa kali kupita kiasi. Angefanya kinyume, akule sombe sahani kubwa-kubwa wiki nzima kisha miezi bila majani, damu ingeweza kuganda tena mu muguu, kipande kikapanda mupaka ku mapafu. Kwa hiyo sheria haiko "usikule majani". Sheria ni: kula karibu kiasi kile kile kila wiki, na upimwe damu. Kile kipimo kinaitwa INR. Kwa wagonjwa wengi wa damu iliyoganda mu mushipa, wanganga wanataka kikae kati ya 2 na 3.

Sasa, wanafunzi wa agronomia, historia ya hii dawa ni yetu pia. Katika miaka ya 1920, kule Kanada na kaskazini ya Marekani, ng'ombe walikuwa wanatokwa damu mupaka kufa. Muganga wa mifugo Frank Schofield alionyesha kwamba walikula meliloti, jani la malisho la jamaa ya maharagi, iliyokaushwa vibaya ikaota ukungu. Mwaka 1933 mukulima mumoja wa Wisconsin alipita katika teluji na ng'ombe aliyekufa pamoja na bidoni ya damu isiyoganda, akafika ku labo ya Karl Paul Link. Kisha miaka sita hivi labo ilipata kitu chenyewe: dikumaroli, inayotoka wakati ukungu unageuza kumarini ya lile jani. Kutoka hapo wakatengeneza warfarini. Mwaka 1948 iliuzwa kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikakubaliwa kuwa dawa ya watu. Hata jina lake linatugusa: WARF ni herufi za shirika ambalo wasomi waliomaliza ku chuo kikuu cha Wisconsin walianzisha mwaka 1925 ili uvumbuzi usaidie chuo. Chama cha wasomi kama hiki chetu!

Kuna mambo mengine mawili ya kukumbuka nyumbani. Sumu nyingi za panya tunazoweka karibu na mahindi ni ndugu za warfarini, na zingine zinafunga fundi wiki nyingi. Mutoto akikula, siku ya kwanza anacheza tu, juu protini za zamani ziko bado ndani ya damu. Hatari inakuja kisha siku mbili ao tatu. Usingoje uone damu: mupeleke, na ubebe karatasi ya sumu. Vitamini K njo dawa yake.

La pili: mutoto muchanga anazaliwa na vitamini K kidogo sana, na maziwa ya mama haina nyingi. Ile sindano ya vitamini K wanayomupiga akizaliwa inamulinda asitokwe damu, hata ndani ya ubongo. Tusiikatae.

Mama mukubwa walimupunguzia dawa, wakamupima tena, damu ikarudi katika kiasi. Sasa anakula lenga-lenga kama zamani, kipimo ni bakuli moja ya bluu. Nikifika kumusalimia ananionyesha ile bakuli, anacheka: "Wewe daktari wa majani, kamata kijiko."

Kwenu nyumbani kama kuna mutu anakunywa hii dawa, mumuulize leo: anapimwa lini?