MAJI YA MOTERI YA MASHUA: DAWA KWA CHUMA, SUMU KWA MUTU

Wewe mutumishi unayeongoza mashua ya moteri kwenye ziwa la Nzilo ao la Tshangalele, wewe fundi wa garaji, na wewe uliyenunua moteri yako kwa kuvua samaki kule Moba ao Kilwa siku za konji, mambo haya yanakuhusu. Moteri inayopoteza maji inaweza kukuacha katikati ya ziwa wakati upepo unaanza. Tena maji yale yenyewe yanaweza kuchoma uso wako ao kuua mutoto wako.

Mbele ya yote, ujue moteri yako ni ya namna gani. Moteri ndogo ya kufunga nyuma ya mashua inavuta maji ya ziwa, inajipoza, inayatupa inje. Hiyo haina antijeli. Kazi yako ni kuangalia kamba ndogo ya maji inayotoka pembeni yake: ikipotea, zima moteri mara moja. Pengine ni majani yameziba kinywa cha kuvutia maji, pengine turbini ya mupira ndani ya pompi imekatika meno.

Moteri kubwa ya mazuti iliyo ndani ya mashua, mara nyingi iko na maji mbalimbali mawili. Maji ya kwanza yanazunguka ndani ya moteri, hayatoki inje, na ndiyo yanayotiwa antijeli. Maji ya pili ni ya ziwa. Yanapitana katika sanduku lenye tiyo nyembamba za shaba: haya ndani ya tiyo, yale inje yake, bila kuchanganyika, na maji ya ziwa yanachukua moto wa yale mengine.

Wengine watacheka: «Antijeli ni ya Wazungu wa barafu, huku kwetu ya nini?» Ni kweli, mashua yako haitaganda. Lakini dawa ile iko na kazi zingine mbili. Inazuia kutu ndani ya moteri, na inafanya maji yakawie kuchemka. Usisahau kwamba inchi yetu iko juu. Kalemie, metre 770 hivi juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka karibu digri 97. Kolwezi, juu ya metre 1400, ni karibu 95. Ukichanganya nusu maji na nusu antijeli, kuchemka kunapanda kwa digri saba ao nane hivi. Antijeli peke yake bila maji haifai: inabeba moto vibaya kuliko mchanganyiko.

Kifuniko chenye risori kinaongeza tena, kwa sababu kinafunga nguvu ya mvuke ndani. Na hapa ndipo hatari. Ndani ya moteri iliyofungwa maji yanaweza kupita digri 100 na kubaki yametulia. Ukifungua kifuniko, nguvu inaanguka, na maji yote yanachemka kwa mara moja. Yanaruka kwa uso, kwa macho, kwa kifua. Basi, zima moteri, ngojea mpaka unaweza kuweka mukono juu ya kifuniko bila kuuondoa. Hiyo inaweza kuchukua saa nzima. Kisha weka kitambaa kinene, geuza kidogo, acha ipumue, ndipo ufungue. Hata kapiteni akipiga kelele kwamba abiria wanangoja, ngojea.

Kama mwenzako ameungua, mwanga maji safi ya baridi juu ya kidonda kwa dakika 20, kisha mupeleke hospitali. Usipake dawa ya meno, wala mafuta, wala majivu.

Sasa, maji yanapotelea wapi? Tafuta moteri ikiwa baridi. Pangusa yote ikauke, tandika karatasi chini, tembeza moteri kidogo, zima, na uangalie. Anza na mipira: ibonyeze kwa vidole. Mupira uliolainika kama nyama, ao uliopasuka ngozi karibu na koliye, uubadilishe. Kukaza koliye juu ya mupira mubovu ni kujidanganya. Kisha angalia chini ya pompi ya maji, pale penye tundu dogo. Tundu lile liliwekwa makusudi. Likidondosha maji, jwenti ya ndani imekufa na pompi inataka kutengenezwa. Mutu asilizibe! Maji yatakosa njia yataingia kwa bilia.

Kama inje pamekauka na maji yanazidi kupungua, yanapita ndani. Chomoa kijiti cha mafuta: mafuta yakifanana na kahawa ya maziwa, yamekutana na maji. Jwenti ya kulasi ndiyo inashitakiwa kwanza, na moteri ile isitembee tena mpaka fundi ameifungua. Kama mafuta ni mazuri, shuku sanduku la tiyo za shaba. Fundi atalifungua, atapima tiyo kwa pumzi chini ya maji, na ile inayotoa povu ataizibia kwa shaba pande mbili. Tiyo moja ao mbili zikizibwa, moteri itavumilia. Zikizidi, sharti sanduku jipya.

Kwa kujaza, usichote ziwani. Maji ya Tanganyika yako na chumvi chumvi za madini, na maji ya visima vya Likasi yanatoka katika mawe ya chokaa. Yote yanaacha ukoko. Tafuta maji ya batri yasiyo na asidi, ao maji ya mvua yaliyokingwa safi. Antijeli ya rangi ya majani ya namna ya zamani inamalizika nguvu kwa miaka miwili hivi, zile mpya zinafika mitano. Usiamini rangi peke yake, na usichanganye namna mbili: soma bido.

Na bido yenyewe iwekwe mbali na nyumba. Antijeli ya etileni glikoli ni tamu kama sukari. Mutoto akionja, anaendelea. Kikombe kidogo kinaweza kuua mutu mukubwa. Kwa mutoto, mafunda machache yanatosha. Mwaka 2022, kule Gambia, watoto zaidi ya 60 walikufa, na dawa za kikohozi zilizoingiwa na sumu hii na ndugu yake zilishitakiwa. Aliyekunywa anafanana kwanza na mulevi. Kisha anaonekana kupona, kumbe sumu inageuka ndani ya ini na kuziba figo. Usingoje alama, usimutapishe, kimbia naye hospitali pamoja na bido, daktari asome jina. Dawa ya kuizuia iko, lakini inafaa ikitolewa mapema.

Kwa hiyo antijeli isitiwe hata siku moja katika chupa ya Simba wala ya limonadi. Ile ya zamani unayoimwanga, usiiache ndani ya beseni usiku, mbwa wataikunywa, wala usiimwange ziwani. Ifunge katika bido yenye alama na uirudishe garajini. Na bido iliyomalizika, itoboe chini mbele ya kuitupa, mama mmoja asiiokote kwa kuchotea maji ya kunywa.