Sauti ya Kompyuta na Ajira ya Wasioona katika Ofisi za Posta

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa asilimia 3 kati yao ni wenye ulemavu. Makala haya hayajadili utekelezaji wake, bali kikwazo cha kiisimu kisichotajwa sana. Karani asiyeona katika ofisi ya Posta, Dar es Salaam, huweza kufanya kazi kwa programu isomayo skrini kwa sauti, mathalani NVDA, iliyoanza mwaka 2006 na itolewayo bure. Ikiachwa katika sauti ya Kiingereza, barua ya Kiswahili huharibika: ‘pale’, ‘wake’ na ‘pole’ husomwa kama maneno ya Kiingereza yenye tahajia hiyohiyo.

Sauti ya Kiswahili ipo, kupitia eSpeak. Kuiunda si kugumu mno, kwani tahajia yetu hufuata matamshi na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. (‘Barabara’ yenye maana ya ‘sawasawa’ ni mkaidi wa zamani.) Ugumu halisi umo katika tarakimu. ‘Vitabu 2’ ni viwili, ‘watu 2’ ni wawili, ‘barua 2’ ni mbili. Ilhali 6, 7 na 9 hazibadiliki. Hapa kanuni za matamshi hazitoshi. Mashine yahitaji kujua ngeli. Kamusi ya Kiswahili Sanifu huzionyesha ngeli za nomino. Kuziweka katika umbo ambalo programu itaweza kulisoma ni kazi ya wanaisimu, wala si ya mafundi wa kompyuta peke yao.