Fahamu: Kwa nini seva mbili huhitaji kura ya tatu

Seva mbili za hifadhidata zinapounganishwa kuwa klasta na kutumia diski ya pamoja, hatari kubwa si moja kuzimika. Ni mtandao kati yao kukatika zote zikiwa hai: kila moja hudhani mwenzake amekufa, na zote zikiandika kwenye diski ileile, data huharibika. Ndiyo maana kuna akidi: upande wenye zaidi ya nusu ya kura huendelea, mwingine husimama. Kura mbili hazina mshindi, hivyo klasta ya Windows Server huongezewa shahidi mwenye kura ya tatu, diski ndogo ya peke yake. MB 512 zinatosha. Tangu toleo la 2016, shahidi anaweza kukaa hata kwenye wingu la Azure. Diski za data nazo lazima zikubali kushikwa na seva moja kwa utaratibu wa SCSI-3. Zisipokubali, ukaguzi wa klasta hukwama hapo, na heri ukwame kabla ya kazi kuanza.