Sauti moja, asili mbili: Kiingereza cha mahindi

Hindi zima, punje zikiwa bado zimeshika gunzi, huitwa kwa Kiingereza "ear", neno lilelile la sikio. Mwanafunzi wa Msamala, Songea, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari anafundishwa kilimo kwa Kiingereza, ana kila sababu ya kudhani kwamba hindi limeitwa hivyo kwa kuwa hutokeza ubavuni mwa bua mithili ya sikio kichwani. Dhana hiyo inavutia, lakini si kweli. Hayo ni maneno mawili. La sikio lina undugu na "auris" ya Kilatini. La mahindi limetokana na mzizi wenye maana ya ncha kali, kwa sababu ya miiba myembamba ya suke la ngano na shayiri. Matamshi yalibadilika karne hadi karne mpaka yakalingana.

Wanaisimu huyaita maneno ya namna hiyo homonimu. Kiswahili nacho kinayo, lakini ngeli hutuokoa: paa limevuja, paa amekimbia, na hakuna anayechanganya nyumba na mnyama. Kiingereza hakina msaada huo. Msomaji hutegemea muktadha, na akikwama hufungua kamusi, ambamo kila asili hupewa kidahizo chake chenye namba.

"Corn" ni mfano mwingine. Marekani ni mahindi. Uingereza, kwa desturi, ni nafaka kuu ya mahali, mara nyingi ngano. Kwa hiyo anayekutana na neno hilo katika maandishi ya Kiingereza ya kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 asifikirie mahindi kabisa, maana Ulaya ilikuwa haijayaona. Neno hilo ni ndugu wa "grain", yaani punje. Ipo pia "corn" ya sugu inayoota kwenye kidole cha mguu kinachobanwa na kiatu. Hiyo imetoka katika Kilatini "cornu", pembe, kupitia Kifaransa, na ndugu yake wa Kiingereza ni "horn".

Mashineni mambo yananoga zaidi. "Meal" ni unga, na "meal" ni mlo. Ugali unaweza kumfanya mtu aamini kwamba mlo umepewa jina la unga wake, lakini neno la unga linatokana na mzizi wa kusaga, uleule uliozaa "mill", mashine ya kusagia. Neno la mlo hapo kale lilimaanisha kipimo au wakati uliopangwa: mlo ni wakati wa kula kabla ya kuwa chakula chenyewe. Zambia na Afrika Kusini wameongeza utata kwa "mealie", yaani mahindi. Neno hilo linafanana mno na "meal", lakini limetoka katika "milho" ya Kireno kupitia Kiafrikana.

"Flour" na "flower", unga na ua, ni kinyume cha hayo yote. Hapa neno lilikuwa moja, likagawanyika. Unga laini uliochekechwa uliitwa ua la ngano, kwa maana ya sehemu yake bora, na tahajia mbili zikaja kutenganishwa baadaye. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 bado iliziweka maana zote chini ya neno moja. Kwa asili yake, basi, "flour" inaikaribia sembe kuliko dona, ingawa kwa lishe dona ndiyo bora.

Kinu nacho kina neno lake, "pound", na hili lina asili tatu. Kutwanga ni neno la Kiingereza cha kale ambalo halikuwa na "d". Herufi hiyo ilipachikwa baadaye. Pauni, ya uzito na ya fedha, imetoka katika Kilatini "pondo", kwa uzito. Boma la kufungia mifugo iliyokamatwa ikizurura ni neno la tatu. Kiswahili kilichukua pauni peke yake, kwa kuwa kutwanga na boma vilikuwa na majina.

Uchaguzi kama huo ulifanyika kwa "match". "Match" ya kuwashia moto imetoka katika neno la Kifaransa cha kale lililomaanisha utambi. Ya uwanjani imetoka katika neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya mwenzi, anayelingana na mwingine. Mashabiki wanaokwenda Uwanja wa Majimaji mjini Songea huenda kutazama mechi, neno la asili hiyo ya pili. Ile ya utambi haikupata nafasi, kwani Kiswahili kina kiberiti, neno la Kiarabu ambalo asili yake ni salfa.